Muujiza wa Biskuti Mbili

Kware, Embakasi
9 Februari 2025

Ndugu yangu mpendwa Nzivo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini baridi ya usiku ya milima ya Machakos haijakuzidi nguvu na kwamba blanketi nililokufungashia linatosha. Sisi huku hatujambo. Maji yamekatika tangu Jumatano na nimekuwa nikipandisha mitungi hadi ghorofa ya sita, nikikukumbuka kila ngazi, kwa maana kazi hiyo ilikuwa yako. Mama Shirleen wa mlango wa pili anakusalimu. Wenzako wa banda la wachongaji pale Majengo wamezihifadhi tezo zako na wameapa kwamba hakuna atakayezigusa. Mama naye anakusalimu kwa furaha kubwa. Furaha hiyo nitaieleza hapa chini.

Kwa kuwa kituo chenu hakiruhusu simu kabla ya miezi mitatu kwisha, na kwa kuwa Ndete, dereva wenu, hushuka Nairobi kila mahitaji yanapokwisha, nimeona tuandikiane. Huenda ni afadhali. Siku uliyoondoka tulipigiana kelele, hatukusikilizana, na siku yenyewe ya mkasa wewe ulikuwa bandani. Kwa hiyo hujausikia tangu mwanzo.

Mama alikuwa amefunga tangu asubuhi kwa ajili ya maombi ya Ijumaa. Saa kumi akaamua kufungua na kitu chepesi kabla ya kwenda kwenye ushirika kwa Mama Shirleen. Juu ya kabati akaona kopo la mafuta ya kupikia, na ndani yake biskuti zilizofungwa kwa gazeti. Akadhani nimezificha mimi, kumbe ni zako. Akaucheka uchoyo wangu, akala mbili kwa chai ya rangi, akavaa leso yake na kuvuka ukumbini.

Saa nzima hakikutokea kitu. Waliimba, wakasoma, wakaanza sala ndefu. Mama Shirleen anasimulia kwamba katikati ya sala hiyo Mama aliinua uso na kuanza kucheka taratibu, kama mtu anayetekenywa na mtoto. Akasema pambio moja limeimbwa mwaka mzima na bado ni tamu. Akasimama bila kushika ukuta, yeye ambaye magoti humlazimisha kuinuka kwa awamu. Akasema magoti yamekuwa mepesi kama pamba. Akalia, akaomba maji, akaomba tena, kisha akamaliza viazi vya Mama Shirleen pamoja na vya watoto wake. Macho yalikuwa mekundu. Wenzake wakasema ni machozi ya toba. Nilipofika kutoka zamu yangu ya kliniki nilimkuta kwenye kiti, amejishika kifua, anatabasamu. Nikamshika mkono. Mapigo yake yalikuwa yakikimbia kama ya mtu aliyefukuzwa na mbwa.

Uliniuliza siku uliyoondoka: "Biskuti mbili zitamfanya nini mtu mzima?" Niruhusu nikujibu kwa utulivu, kama nilivyofundishwa. Hashishi iliyokuwamo ni utomvu wa maua ya bangi uliokusanywa na kugandamizwa, na kwa kawaida nguvu zake huzidi za majani. Anayevuta moshi huipeleka kwenye mapafu, na ubongo hupata habari baada ya dakika chache. Anayekula huipeleka tumboni, kisha kwenye ini, na ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Safari hiyo huchukua saa moja, pengine mbili, na muda huo mlaji hudhani kwamba hajala kitu. Ikishafika haiondoki upesi. Moyo huenda mbio. Mishipa ya macho hupanuka. Mate hukauka. Sehemu ya ubongo inayopima muda hupoteza kipimo chake, na ile inayotunza kumbukumbu huacha vitu vidondoke. Maumivu hufifia. Na mtu akisimama ghafla, damu huchelewa kumfuata kichwani. Mama alizipanda ngazi zetu kwa hali hiyo jioni ile, kwa sababu aliteremka kwanza kwenda kuwasalimu majirani wa chini.

Hajui. Anaamini Bwana alimgusa na kumponya miguu, na presha pia. Ameshuhudia kanisani. Magoti yameanza kumsumbua tena, lakini anasema hilo ni jaribu tu. Kuhusu wewe, nimemwambia umechukuliwa na mtu wa Machakos kuchonga kwa mkataba. Sikupata maneno mengine.

Niandikie. Nieleze unakula nini na unalala vipi.

Akukumbukaye kila penye ngazi,
Dada yako Koki

*

Kituoni, Machakos
1 Machi 2025

Dada Koki,

Niaje. Barua yako ilikaa kwa Ndete kwa sababu gari lilivunjika springi na akalala na barua zetu zote Kangundo. Mimi niko, namshukuru Mungu. Baridi ya usiku ni kali lakini blanketi linapigana. Nashiriki chumba na Ng'ang'a, fundi wa vyuma kutoka Baba Dogo, mtu wa kuchekesha hata akiwa amelala, maana anaongea na wateja wake usingizini. Msalimie Mama Shirleen. Waambie wa Majengo wasiache tezo zangu karibu na maji.

Umeniuliza ninalala vipi. Wiki za kwanza sikulala. Nilikuwa natoka jasho baridi, chakula nakitazama tu, mtu akinisalimia natamani kumrukia. Mkufunzi alisema mwili unadai ulichozoea. Ng'ang'a akasema, "Mwambie huyo mwili akuje kesho, leo duka limefungwa." Tulicheka mpaka tukakemewa.

Kurasa zako za ini na ubongo nimezisoma mara nyingi. Nilidhani nitakasirika. Ni kweli nilikuwa nakasirika mwanzoni, kwa sababu umeandika kama unafundisha darasa. Lakini kuna kitu kimoja kilinituliza. Kumbe moyo wangu ulipokuwa unakimbia pale bandani mpaka najificha nyuma ya magogo nikidhani nakufa, haukuwa wazimu. Ulikuwa unafanya kitu chenye jina.

Sikutaka Mama ale. Wewe unajua hivyo, lakini nataka nikuandikie kwa mkono wangu.

Sasa nikuulize. Umeandika neno "presha" mara moja, halafu ukaliruka kama mtu anayeruka mtaro. Mama bado anameza dawa zake?

Nzivo

*

Kware, Embakasi
16 Machi 2025

Ndugu yangu Nzivo,

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kusikia kwamba unalala na kwamba umempata Ng'ang'a. Mpe salamu zangu. Hapa nyumbani tu wazima. Mvua za kwanza zimenyesha na nguo za ghorofa nzima zimerudishwa ndani, kwa hiyo tunaishi kati ya mashuka ya watu. Mama ameletewa twiga wengi wa mbao wa kupiga msasa na kupaka kiwi ya viatu. Meza yote imekuwa shingo.

Nina habari njema. Nimeitwa kwenye mahojiano ya nafasi ya ofisa wa elimu ya afya ya jamii. Unajua jinsi nilivyoingoja nafasi ya namna hii tangu nilipovaa joho. Ili kujiandaa, niliomba kuzungumza na vijana katika ukumbi wa jamii hapa karibu, na mada niliyochagua ni bangi na mwili wa binadamu. Ukumbi ulijaa. Nilieleza kuhusu ubongo wa kijana ambao bado unajijenga, na kwa nini anayeanza akiwa mdogo huathirika zaidi. Nilieleza kwamba moshi huo nao una lami inayokwaruza mapafu. Nilieleza kwamba si kila mtumiaji hurukwa na akili, maana sikutaka kuwatisha kwa uongo, ila wapo ambao bangi huwafungulia mlango wa hofu isiyotoka, na hakuna anayejua mapema kama yeye ni mmoja wao. Kijana mmoja aliuliza, "Na akikula, siste, si ni poa kwa kifua?" Nikamweleza habari ya ini. Walipiga makofi. Mwenyekiti wa ukumbi alisema nina kipaji cha kuwafungua watu macho.

Kuhusu Mama, kwa jumla anaendelea vizuri. Anaimba tangu asubuhi. Dawa zake zipo.

Natamani ungeniona nikiwa jukwaani. Nilivaa ile blauzi ya samawati.

Kwa matumaini mengi,
Koki

*

Kituoni, Machakos
30 Machi 2025

Dada,

Pongezi kwa mahojiano, na pongezi kwa blauzi. Ng'ang'a anauliza kama ofisa wa afya huolewa na fundi wa vyuma. Nimemwambia kwanza apone kuongea na wateja.

Hapa kuna mabadiliko. Ndoto zimerudi. Kwa miaka nilikuwa siziota, au naziota na kuzisahau, na sasa zimekuja zote pamoja kama wageni wa harusi. Nimemwota Baba ameshika tezo yake ananionyesha jinsi ya kuiruhusu mbao iseme inataka kukatwa wapi. Mkono pia umerudi. Wametupa vipande vya mjakaranda tuchonge, na nimetoa masikio ya twiga yaliyo sawa. Unakumbuka wale ndovu wa mwaka jana ambao mwenye duka aliwakataa? Nilidhani nimewachonga tangu asubuhi mpaka jioni, kwa makini, nikaona ni kazi bora kuliko ya Baba. Kumbe hata chai ya saa nne ilikuwa haijaletwa, na masikio yote yalikuwa upande mmoja. Nilidhani ngwai, hiyo bangi, ndiyo inanipa jicho. Kidole gumba changu kilichojeruhiwa na tezo kinajua ilikuwa inanipa nini.

Sasa turudi kwenye swali. Umeandika "dawa zake zipo." Dada, hata mimi nilikuwa na tezo zangu zote, zilikuwepo.

Vijana wa ukumbi mzima umewafungua macho. Mimi umenifungua kwa kurasa nne. Mama umemfungua kwa ngapi?

Sikuandikii kwa ubaya.

Nzivo

*

Kware, Embakasi
20 Aprili 2025

Ndugu yangu Nzivo,

Leo ni Pasaka. Mama amepika wali na kuku na akaweka sahani yako mezani, na mimi nikaila baadaye kwa siri ili asiione imebaki imejaa. Mama Shirleen na wanawe walikuwa nasi. Tulikukosa.

Nimechelewa kukujibu kuliko adabu inavyoruhusu. Ndete amepita mara mbili na mara zote mbili nikamwambia bahasha haiko tayari.

Hamezi, Nzivo. Ameacha tangu lile juma la muujiza. Dawa zake zimo kwenye pochi yake pamoja na Biblia, na haziguswi. Kila asubuhi kichwa kinamuuma nyuma, hapa kisogoni, na anasema ni usingizi mbaya. Nilimwomba anikubalie kumpima presha, nikisingizia kwamba nafanya mazoezi ya mahojiano. Alinipa mkono kwa kunihurumia. Mashine iliponionyesha namba nilipima upya mkono wa pili. Akaniuliza, "Mbona umekunja uso?" Nikamwambia iko juu, iko juu sana. Akacheka. "Hiyo mashine yako haijaokoka."

Nikajaribu. Ninaapa kwamba nilijaribu. Nilisema, "Mama, kuna vitu ambavyo mtu akivila vinaweza kuuchanganya mwili, akahisi amepona." Nilikuwa nimeipanga sentensi hiyo tangu asubuhi. Akaacha msasa, akanitazama kwa upole.

"Koki mwanangu, umesoma mpaka imani imekosa mahali pa kukaa. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekupeleka shule."

Ningeendelea vipi baada ya hapo? Nikisema ni hashishi, nimemwambia kwamba alilia na kucheka mbele ya wenzake kwa sababu ya ulevi. Nikisema ilitoka wapi, nimemwambia kwamba mwanawe hayuko Machakos kuchonga. Ameishi maisha yake yote asitamke hata neno "pombe" bila kushusha sauti. Tangu Baba afe hajawahi kuwa na furaha ya namna hii, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumnyang'anya.

Kuna la zaidi. Mama Shirleen, ambaye ana sukari, ameniuliza leo tukiosha vyombo kama naye apumzishe dawa zake, kwa kuwa wamekuwa wakiomba pamoja. Nilimkataza kwa ukali mpaka akashtuka. Na Mama amealikwa kushuhudia kwenye mkutano mkubwa wa akina mama mwezi ujao. Watakuja wa makanisa mengi. Wengi wao wanameza dawa.

Sijui jinsi ya kulisema, Nzivo. Nalijua jambo lenyewe kutoka kichwani hadi kwenye ini, na sijui jinsi ya kulisema.

Koki

*

Kituoni, Machakos
27 Aprili 2025

Dada Koki,

Usijipige. Hapa tuna mtu aliyekuwa mwalimu mkuu na hajaweza kumwambia mkewe yuko wapi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mama. Nimeiandika mara kadhaa, na Ng'ang'a ameisikiliza na kukaa kimya, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Msomee. Usiiruke sehemu yoyote na usikitengeneze Kiswahili chake.

Ukiona huwezi, mpe Mama Shirleen aisome. Lakini nafikiri utaweza.

Nzivo

*

Mama yangu,

Bwana asifiwe. Mimi niko salama na ninakula vizuri. Ninakusalimu sana.

Mama, siko kwenye mkataba wa kuchonga. Niko kwenye nyumba ya watu wanaojifunza kuishi bila bangi. Dada alisema vile ili usione haya mbele ya ushirika. Usimkasirikie.

Hujawahi kuniuliza nilikuwa najisikiaje, na mimi sikuwahi kusema. Leo nataka kusema.

Asubuhi nilikuwa nakula biskuti yenye hashishi ndani, nakunywa chai, naanza kazi. Kwa muda mrefu hakuna kitu, mpaka naona labda leo imekataa. Halafu ulimi unakauka kama nimelamba msasa. Moyo unaanza kukimbia na ninausikia masikioni. Halafu mgongo wangu, huu unaoniuma kwa kuinama juu ya mbao, unaacha kuuma. Hauponi, Mama. Unanyamaza tu, kama mtoto aliyefungiwa chumba kingine. Wimbo mmoja wa redio unakuwa mrefu kama siku, na kila neno lake ni kama limeandikwa kwa ajili yangu. Nacheka na hakuna aliyenichekesha. Nalia pia, vizuri, bila uchungu. Nikisimama haraka bandani panazunguka. Macho yanakuwa mekundu. Nataka maji, nataka tena. Halafu inakuja njaa ambayo haina aibu, ninakula changu na cha jirani.

Vijana wanaita hiyo stima. Jioni stima inakatika, na mgongo uko pale pale ulipokuwa, umenisubiri.

Biskuti hizo nilizifunga kwa gazeti, nikaziweka kwenye kopo la mafuta, juu ya kabati letu.

Mimi si mtu wa kukuambia Mungu anafanya nini na hafanyi nini. Ninajua tu biskuti zinafanya nini. Tafadhali rudi kwenye dawa zako za presha. Nikitoka hapa nataka nikukute.

Mwanao,
Nzivo

*

Kware, Embakasi
11 Mei 2025

Ndugu yangu Nzivo,

Sote tu hai na tu wazima, nami naandika neno hilo la pili nikiwa nimelipima.

Nimengoja mpaka leo ili nikuletee habari iliyokamilika. Ndete alipoileta bahasha yako, Mama alikuwa ameketi sakafuni kati ya twiga wake. Akaniambia, "Isome wewe, mikono yangu ina kiwi." Basi nikasoma. Sikuitengeneza.

Ulipomwambia uko wapi, msasa uliendelea. Ulipoanza habari ya ulimi na moyo, msasa uliendelea, lakini polepole. Nilipofika kwenye mgongo, ukanyamaza. Nikasoma mpaka mwisho nikiwa sithubutu kuinua macho.

"Rudia hapo pa mgongo," akasema.

Nikarudia.

"Hauponi?"

"Ndivyo alivyoandika, Mama."

Akamweka chini twiga aliyekuwa mkononi mwake. Kisha akasema, "Nilijua wewe huwezi kupika biskuti mbaya namna ile. Hazikuwa na sukari hata." Akaanza kucheka, na kicheko hicho kikageuka katikati ya safari, nikaenda kuketi naye sakafuni. Alilia kwenye bega langu na kiwi yake yote ikabaki kwenye blauzi ile ya samawati. Alichokisema tu ni, "Nimesimama mbele ya kanisa, Koki. Nimesimama mbele ya watu." Sikumpa somo lolote.

Baadaye akanawa mikono na kuniuliza swali ambalo bado sijalijibu. "Wewe ulijua tangu siku ile. Ulikuwa ukiniogopa mimi, au ulikuwa ukinionea haya?" Akanipigapiga gotini, akasema nitamjibu nikipata jibu.

Alitaka kuzimeza dawa zake papo hapo, za wiki zote kwa pamoja kama mtu anayelipia makosa, nikamzuia. Kesho yake tukaenda kliniki. Daktari alimpima, akakunja uso kama mimi, akamwanzishia upya kwa utaratibu. Mama akamwambia, "Nyinyi nyote mmefundishwa kukunja uso darasa moja?" Kichwa hakijamuuma tangu Jumatatu iliyopita.

Tulipotoka kliniki hakuingia kwetu kwanza. Alibisha kwa Mama Shirleen.

"Fungua! Dawa yako ya sukari umemeza?"

"Nimemeza, Mama Koki, kwani kuna nini?"

"Meza kesho nikikuona. Nitakuja na maji yangu mwenyewe."

Kuhusu mkutano wa akina mama, nilidhani ataomba udhuru. Alikwenda. Niliketi nyuma kabisa nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Alisimama kwa awamu, kama zamani, akaushika mgongo wa kiti. Akawaambia kwamba ile siku aliyosema ameponywa alikuwa amekula kitu kibaya bila kujua, biskuti zenye bangi, na kwamba kitu hicho kilikuwa cha mtoto wake ambaye sasa anatibiwa, na anamwombea. Mwanamke mmoja alicheka na kujiziba mdomo. Mama akamngojea amalize.

Kisha akasema: "Mungu hakuwa kwenye biskuti. Lakini mimi nina magoti mabovu na presha, na siku ile kichwa kikizunguka nilipanda ghorofa sita bila kushika chuma, na sikuanguka. Kwa hiyo nikitaka kushuhudia, nitashuhudia ngazi. Na dawa zangu ninameza. Nanyi mezeni zenu."

Akaketi. Wanawake watatu walimfuata nje baadaye, si kumpongeza, bali kumwuliza kituo chenu kiko wapi. Mmoja alikuwa yule aliyecheka.

Mahojiano yangu nimeyafanya. Majibu hayajatoka. Nitakujulisha.

Mama anasema siku ya kutembelewa ikifunguliwa atakuja peke yake, na nisimfuate. Nakutumia fulana na sabuni kwa mkono wake.

Dada yako, ambaye bado anatafuta jibu,
Koki

*

Kituoni, Machakos
25 Mei 2025

Dada Koki,

Salamu zako na fulana vimefika. Sabuni pia, ingawa Ng'ang'a ameshaiomba. Simu sasa ninaruhusiwa, lakini hili nimetaka kuliandika.

Mama alifika jana mchana. Nilimwona kutoka ukumbini akitoka langoni, anapandisha kile kilima kidogo, anapumzika, anapandisha. Nilitaka kukimbia nimshike mkono, nikashindwa kutoka kwenye benchi. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Yote yaliisha.

Alipofika aliweka mkoba chini. Alichukua mkono wangu akakitazama kidole gumba, akakipitisha kidole chake kwenye kovu kama anavyopima mbao iliyopigwa msasa. Akasema, "Kimelala vizuri." Basi. Nikamwuliza magoti.

"Yanauma," akasema. "Angalau sasa najua yako wapi."

Tukaketi kwenye nyasi nje ya jikoni. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo la mafuta. Lile lile, Dada. Ndani kulikuwa na biskuti ambazo amezioka mwenyewe kwa jiko la Mama Shirleen, zimefungwa kwa gazeti. Mlinzi wa langoni alikuwa amezipekua zote moja moja, na Mama anasema alimlazimisha aonje mbili na kumngojea kwa saa nzima kabla ya kumruhusu aziingize. Sijui kama ni kweli. Alivyonisimulia, niliamini.

Nikanyoosha mkono kumpa yeye kwanza, kwa heshima. Akalisukuma kopo kwangu.

"A-a. Leo utaanza wewe."

Nilicheka mpaka wapishi wakachungulia dirishani. Alicheka pia, amejishika mbavu. Halafu akafungua leso, akatoa kidonge chake cha presha, maana saa yake ilikuwa imefika. Akakimeza kwa chai yangu. Mimi nikala biskuti. Ilikuwa na sukari nyingi mno.

Tukakaa pale na chai yetu, mimi na yeye, tukingojea tuone kama kuna kitu kitatokea. Jua likasogea kidogo. Ng'ang'a alipita akatusalimia. Hakikutokea kitu chochote, Dada, saa nzima, na sijawahi kuwa na alasiri nzuri kama ile.

Ndugu yako,
Nzivo